Mtoto wa Kupokelewa na Mjomba

Majina ya watu wote nitakaowasema hapa ninayo kichwani, la kila mmoja na la baba yake, mpaka la yule binti wa kaunta aliyekuwa amelibandika kifuani. Sitayaandika. Wengine bado tunasalimiana, na sitaki mtu akutane na jina lake humu akasema bibi ameniweka hadharani. Nitasema mwanangu wa kike, mwanangu wa kiume, kaka yangu mkubwa, mjukuu wangu. Inatosha kueleweka.

Mjukuu nilimlea mie hapa Likombe. Mama yake alimwachisha ziwa mapema, hajaanza hata kusimama, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, kwa sababu baba wa mtoto alishavuka Ruvuma, kaoa upande wa Msumbiji na ana watoto wengine huko. Kwetu mtoto kukaa kwa bibi si jambo la kulilia. Nilimbeba mgongoni kwenda shambani Mpapura msimu wa korosho, alipopata miguu akawa anaokota na wenzake, anakula mabibo, yale matunda ya mkorosho, mpaka gauni zake zote zina madoa yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Nikimwita mke mwenzangu, na yeye ananijibu, "Mke mkubwa, leo zamu yako kuosha vyombo." Babu yake alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo tulikuwa tunamgombania marehemu, na wala hatuoni aibu.

Mama yake alikuwa anapiga simu ile ya kuonana uso kwa uso, siku za Ijumaa akitoka kazini. Mtoto anakaa mbele ya simu kwa adabu. Shikamoo, marahaba, umekula nini, wali, na nini, na samaki. Akimaliza ananirudishia simu anakimbilia kucheza. Kuja kwenyewe mama mtu alikuja mara moja tu, kwenye msiba wa baba yake, mtoto akiwa ndiyo kwanza anasimama dede. Kazi yake ilikuwa ya kusafisha maofisini, ukiondoka unakuta mwenzako ameshika fagio lako. Mie nilimwona mtoto anavyoitikia kwenye simu nikajua wamejuana. Nikawa sina wasiwasi.

Basi mwanangu akaolewa, na mtu mzima, fundi wa mafriji, mtu wa swala tano. Huyo mume ndiye aliyesema mlete mtoto wako asome hapa, nyumba ina nafasi. Mwanangu alinipigia analia kwa furaha. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, yeye likizo amenyimwa, na barabara ya kwenda Dar mvua zilikuwa zimeikata, mabasi yanalala njiani. Akasema, "Mama, mtoto atapanda ndege. Wana utaratibu wao, wanamchukua peke yake."

Nikamuuliza peke yake vipi, mtoto hajawahi hata kuvuka kwenda Msanga Mkuu bila kunishika kanga. Akanambia ndiyo hivyo, wenzake wanafanya, nenda na kaka ofisini kwa watu wa ndege mkaulize.

Tukaenda mjini, mie na mwanangu wa kiume, ambaye ni mvuvi huko Mnazi Bay na alikuja na shati la Idi kwa ajili ya ofisi. Yule binti wa kaunta alikuwa mpole. Alitueleza taratibu, na kwa sababu nilijua ni jambo kubwa nilizishika zote. Mtoto awe ametimiza miaka mitano na hajafika kumi na miwili. Asemewe mapema, kwa sababu ndege moja haichukui watoto wengi wa namna hiyo. Cheti cha kuzaliwa, na nakala yake. Anayempeleka awe mtu mzima mwenye kitambulisho, awahi, na asiondoke uwanjani mpaka ndege iwe hewani kabisa, maana ndege inaweza kurudi. Na huko Dar lazima atajwe mtu mmoja wa kumpokea, jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho na namba yake ya simu, na awepo kabla ndege haijatua. Hapewi mwingine.

"Hata akija mkuu wa mkoa?" mwanangu akamtania.

"Hata akija nani, kaka. Labda wewe uliyemleta utupigie ubadilishe jina. Wewe tu."

Tulicheka wote. Niliondoka pale nimeridhika, nikasema hawa watu wanajua thamani ya mtoto.

Mwanangu wa kiume aliomba ile karatasi ya kujaza majina aende nayo nyumbani, kwa sababu suala la nani ampeleke na nani ampokee halikuwa la kuamuliwa kaunta. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Mtoto akihama kutoka nyumba moja kwenda kukaa nyingine, haendi kama furushi. Mjomba anamshika mkono, mjomba mwenzake anampokea upande wa pili, na yanasemwa maneno mbele ya wenye nyumba: huyu ni mtoto wetu, anakula nini, huumwa nini, akiwashinda mturudishie, msimpige kwa hasira. Tena huyu wetu alikuwa anakwenda kwenye nyumba ya baba wa kambo. Tulitaka yule mume, kwa wema wake wote, ajue mtoto ana kwao.

Kwa hiyo jibu lilikuwa wazi. Huku ampeleke mwanangu wa kiume, ndiye mjomba wake. Kule ampokee kaka yangu mkubwa, anayekaa Mbagala toka ujana wake, ndiye mjomba wa mama yake na ndiye mkubwa wetu sote. Tulimpigia. Alifurahi sana. Akasema ataandaa maneno.

Mwanangu wa kike tulimwarifu jioni ile. Akanambia, "Mama, mie si nipo? Kazini kwangu na uwanja wa ndege ni pua na mdomo. Mjomba mguu wake haumpi raha, wa nini kumsumbua?"

Nikamwambia mjomba ameshapewa, kumnyang'anya sasa ni kumvunjia heshima. Wewe njoo pia, simama ubavuni mwake, nani atakukataza. Akasema, "Haya."

Nimeizungusha ile haya yake kichwani mara nyingi. Haikuwa ya mtu aliyekubali, ilikuwa ya mtu aliyefundishwa kutobishana na mjomba wake, na mie ndiye niliyemfundisha.

Kuna mtu mwingine alisema. Pale Mikindani kuna duka la Wahindi nilikonunua begi, mama wa dukani tunafahamiana toka wanawe wadogo. Nikamweleza begi ni la nini. Akasema wanawe wote wameshasafiri namna hiyo kwenda kwa shangazi zao, si jambo la kuogopesha. Akaniuliza nani atampokea, nikamwambia kaka yangu mkubwa, nikataja umri wake kwa kujivuna kidogo. Akatikisa kichwa. "Bibi, sisi hatuandiki mkubwa wa familia. Tunaandika yule ambaye hata nyumba ikiungua atakuwepo pale mlangoni." Nikacheka, nikamwambia kila watu na mambo yao. Moyoni nilisema hawa hawana wajomba kama wetu.

Kumwandaa mtoto tulimwandaa. Mie ndege nimeiona kwa chini tu, ikipita juu ya nyumba ikienda kutua, lakini mama yake alikuwa anatuma maelezo kwa sauti kwenye simu na sisi tunayafuata. Mkanda wa kiti tulijifunza kwa kanga: nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki, nikamfunga kiunoni, nikamwambia fungua, funga, fungua, funga. Masikio yakiziba ameze mate, au amumunye ubuyu nitakaompa. Akitaka haja aseme, asijikaze. Asimfuate mtu yeyote isipokuwa dada wa ndege atakayemshika mkono, na babu wa Mbagala atakayempokea. Nguo za begini tulizikunja yeye mwenyewe akizitazama, ili akifungua huko asiseme hiki si changu. Korosho nilibangua nyumbani, nikakaanga kwa chumvi, mfuko mmoja wa mama yake na mmoja wa kaka yangu. Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, alitaka kubeba mibichi, nikamkatalia.

Akawa ananisimanga, "Mke mkubwa, nakuachia mume wote." Nami nikamwambia nenda zako, nyumba ilikuwa haina nafasi ya wake wawili. Tulikuwa tunacheka tu hivyo mpaka asubuhi yake.

Uwanjani mwanangu wa kiume alivaa kanzu. Alimshika mtoto mkono toka getini mpaka kaunta, akatoa kitambulisho, akasaini, na mtoto akavishwa kimfuko shingoni chenye karatasi zake. Mie nilisimama nyuma yao hatua kidogo, kama inavyopasa. Dada wa ndege akaja akachuchumaa, akamuuliza jina, akampa mkono. Mtoto alinitazama mara moja tu, nikamfanyia ishara ya kufunga mkanda. Akacheka, wakaenda.

Tulikaa mpaka ndege ikapotea. Mwanangu alikuwa amenyooka kama aliyesimamia ndoa. Akanipeleka nyumbani kwa bodaboda, akala, akaaga kurudi Mnazi Bay kwa sababu nyavu zake alikuwa amemwachia mtu asiyemwamini. Hakuna aliyekuwa amekosea kitu. Ndivyo nilivyokaa kibarazani nikiwaza.

Simu ya mwanangu wa kike ikaja wakati naosha miguu kwa udhu wa adhuhuri. Ndege imetua, abiria wametoka, mtoto anamwona. Yuko ndani ya kioo, amekaa kwenye benchi na dada wa ndege, kimfuko shingoni. Yeye yuko nje na kitambulisho mkononi, na jina lake halimo. Mjomba hajafika na simu yake haipatikani.

Nikamwambia mpigie kaka yako abadilishe. Akasema ameshampigia, hapatikani. Huko njia ya Mnazi Bay mtandao unakuja unakwenda, na akishafika kwenye maji simu anaifungia kwenye kopo. Nikamwambia nipe hao watu. Akampa mmoja, mwanamume, sauti ya kijana msomi. Nikamweleza mie ni bibi wa huyo mtoto, nimemlea toka ziwa, na huyo aliyesimama hapo mbele yako ni mama yake mzazi, nilimzaa mie, mpe mtoto wake. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi yangu, nakuelewa kabisa," akasema. "Lakini na wewe humu haumo."

Kweli sikuwemo. Mtoto niliyemlea, na mahali pote palipoandikwa watu wake, mie sikuandikwa, na mama yake hakuandikwa. Tulijiondoa wenyewe kwa heshima.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Yule kijana aliona mwanangu analia, akataka kumsaidia. Akasema ngoja tumlete mtoto karibu, kama anamtambua mama yake nitazungumza na mkubwa wangu, pengine wataangalia na cheti. Wakamleta mpaka kwenye kioo. Mwanangu akachuchumaa upande wake, akaweka kiganja. Kijana akamuuliza mtoto, "Unamfahamu huyu ni nani?"

Mtoto akamtazama vizuri. Akasema, "Huyu ni wa kwenye simu."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajibu alichoulizwa, kama tulivyomfundisha. Na kijana akainua mabega, kwa sababu jibu kama hilo mtu mwenye dhamana ya mtoto wa watu atalifanyia nini? Akamrudisha kwenye benchi. Wakampa juisi na biskuti, wakamfungulia katuni kwenye simu ya mmoja wao. Kwa hilo siwalaumu, mpaka leo nawaombea. Walimtunza kama walivyoahidi.

Mwanangu alibaki amechuchumaa pale pale. Ananambia watu walikuwa wanampita na mabegi yao.

Kaka yangu aliingia alasiri imekwisha. Mguu ulimvimba usiku, asubuhi haukukanyagika, wakampeleka zahanati, simu ikaisha chaji akiwa kwenye foleni, na yeye hakuona sababu ya haraka kwa sababu alijua mama mtu yupo. Alikuja anachechemea na mkongojo, amevaa koti. Akaonyesha kitambulisho, akasaini, akakabidhiwa mtoto. Halafu, kwa kuwa ndiye mjomba na alikuwa ameandaa maneno, akayasema. Pale pale, mlangoni, mbele ya madereva wa teksi na yule mume wa mwanangu aliyekuwa amekuja akiacha kazi zake. Huyu ni mtoto wetu. Anakula hiki. Huumwa hiki. Akiwashinda mturudishie. Akayamaliza yote, kisha akauchukua mkono wa mtoto akautia mkononi mwa mama yake. Mwanangu aliyasikiliza amesimama, macho mekundu, akaitikia kila panapoitikiwa. Hakukosa adabu hata mahali pamoja. Mtoto ndiye aliyeuliza, wakati wanaelekea garini, "Babu, na wewe si tunakwenda wote?" Akaambiwa babu anakwenda kwake. Akalia mpaka nyumbani.

Kaka yangu alinipigia usiku, amefurahi. Akasema mambo yamekwenda kama yanavyotakiwa, tumechelewa kidogo tu. Nikamuuliza mguu unaendeleaje. Ni mzee, na alifanya kila alichopewa kufanya.

Nilikuwa najiambia mtoto atazoea, na kweli alizoea, haikuchukua muda. Mama yake ndiye hakuzoea. Nikimpigia, tutazungumza shule, tutazungumza bei ya unga, halafu katikati ataniuliza, "Mama, hivi kwenye simu ulikuwa unamwambia mimi ni nani?" Namwambia nilikuwa namwambia huyo ni mama yako. Na ni kweli, nilisema kila Ijumaa. Lakini nilisema kama mtu anavyosema yule ni jirani, msalimie. Sikumkalisha nikamwonyesha mama yake anavyocheka, anapenda nini, alipokuwa mdogo kama yeye alianguka wapi. Tulimfundisha mkanda, tukamfundisha masikio. Kumfundisha uso wa mama yake hakuna aliyekumbuka, kwa kuwa kila mtu aliona kupokewa ni kazi ya mjomba.

Ilipokuja likizo ndefu nikaomba aletwe. Nikasema safari hii aandikwe yeyote mnayemtaka, mie mwenyewe nitakuja na kitambulisho changu, nitalala hapo uwanjani. Mwanangu akasema hapana. Hapandi ndege peke yake tena. Atamleta yeye akipata likizo, watakuja pamoja na watarudi pamoja.

Walikuja baada ya msimu wa korosho kupita. Niliwaona wakitoka uwanjani, wameshikana mikono, hakuna aliyewauliza kitu. Mtoto alikuwa amerefuka na anasema Kiswahili cha haraka haraka cha Dar. Nilimtania mke mwenza akacheka, lakini akamtazama kwanza mama yake kama inaruhusiwa. Walikaa wiki moja. Usiku walilala kitanda kimoja, na mie nikawa nasikia mama mtu anamsimulia mambo ya utoto wake mwenyewe, ya kuanguka kwenye mkorosho, ya baba yake, moja baada ya jingine, kama mtu anayelipia siku.

Siku ya kuondoka mwanangu wa kiume alikuja toka Mnazi Bay, amevaa ile kanzu, ameleta samaki wa kukaushwa wa njiani. Tukaenda uwanjani wote. Tulipofika getini alinyoosha mkono kumshika mtoto ampeleke mpaka kaunta, kama mjomba. Dada yake akasema taratibu, bila kumkasirikia, "Kaka, leo namshika mwenyewe."

Akaurudisha mkono. Hakujua auweke wapi, mwisho akauingiza mfukoni mwa kanzu. Wakaingia ndani wawili, sisi tukabaki nje na hatukuwa na lazima ya kusubiri mpaka ndege iwe hewani, lakini tulisubiri. Mwanangu wa kiume aliponifikisha nyumbani hakushuka kwenye pikipiki.

Tangu siku ile samaki wananifikia, anawapa watu wanaokuja mjini, wamefungwa vizuri kwa majani. Yeye mwenyewe hajaja. Nikimpigia anasema bahari inambana. Mwanangu wa kike nikimwambia mpigie kaka yako, anasema amempigia, wamesalimiana, hakuna ugomvi. Na ni kweli hakuna ugomvi. Ungekuwepo ningejua nani nimwite akae, nani nimwambie aombe radhi.